Ngumi za Siku ya Maoni

Wapo waliopendana kwa barua, wapo waliopendana kwa macho. Hawa wawili walipendana kwa bembea ya chuma.

Ilikuwa Jumamosi, na uwanja wa michezo wa watoto ulikuwa umefurika, sindano ikidondoka haipati pa kutua. Cheche, fundi wa kuchomelea, alikuwa juu ya ngazi akipaka grisi minyororo ya bembea. Alivaa ovaroli la buluu lililotobolewa na moto hata likafanana na chekecheke, na kitambaa cha manjano kichwani. Chini yake, mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa alikuwa akirudi kinyumenyume, futi mkononi, akihesabu hatua. Bembea ikaja na pacha wawili wanene. Ikampata kisogoni. Kishindo, wanasema, kilistusha kuku wa mtaa wa pili.

"Umekufa?" Cheche akamuuliza.

"Bado," akajibu, uso umo mchangani. "Nipo hatua ya arobaini na mbili, usinisahaulishe."

Cheche alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Akashuka, akavua kitambaa chake, akamfuta damu.

Mwanamume huyo alikuwa mchora ramani wa halmashauri. Ametumwa kuusanifu uwanja upya, lakini kwanza awasikilize wenye mtaa. Kila jioni alikaa mezani langoni na sanduku la maoni. Mtu anaandika anachotaka, haandiki jina, anatumbukiza. Asiyejua kuandika anamnong'oneza. Na mchora ramani alimwapia kila mmoja kwamba siri yake haitatoka.

Kazi ikiisha, zilianza simu. Walipigiana mpaka sikio la Cheche likawa la moto kuliko koleo.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula moshi. Wewe mchora mistari, umechora nini leo?"

"Nimekuchora wewe. Karatasi imeungua."

"Muongo mkubwa. Ongeza."

Ni katika simu hizo ndipo Cheche alipomweleza habari za mtelezo. Baba yake, Mzee Patasi, aliuunda kwa mikono yake mwaka aliozaliwa Cheche: ngazi kumi na mbili, kisha bati refu la kuserereka hadi chini. Wa kwanza kuserereka alikuwa Cheche mwenyewe, mapajani mwa mama yake. Mama alikwisha kufariki. Picha yake haikuwepo hata moja, ila mtelezo ulikuwepo.

"Utabaki?" akamuuliza.

"Utabaki, kipenzi," mchora ramani akasema, na wakati huo alisema kweli.

Wiki moja kabla ya mkutano wa kuwaonyesha wenye mtaa ramani mpya, sauti yake ikabadilika. Simu zikawa fupi. Akiulizwa, anasema amechoka. Cheche alijisemea kwamba kazi humchosha hata punda, akaendelea kumpenda.

Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Upande mmoja walikaa wapenda mpira, wakiongozwa na mchinja nyama waliyemwita Kifaru. Upande wa pili akina mama waliotaka bembea. Walikuja wamekunja mikono ya nguo tayari. Mchora ramani akafunua ramani ukutani. Mahali pa mtelezo palikuwa na nyasi tupu.

Cheche akasimama. "Mtelezo uko wapi?"

"Umeondolewa."

"Nani kataka uondolewe?"

"Ni maoni."

"Ya nani?"

Mchora ramani akatazama viatu vyake.

Mama mmoja wa watoto sita ndiye aliyerusha kiti cha kwanza, na hata leo anasema kilimponyoka. Kiti kikavunja dirisha. Wapenda mpira wakadhani wameanzwa, wakaitikia kwa benchi. Basi, ngumi zikanyesha! Fundi viatu akamng'ata mwalimu bega. Shemeji wawili ambao hawakusemezana miaka saba walipata nafasi ya kuongea, wakaongea kwa vichwa, mmoja akalala na unyusi umefunguka kama bahasha. Meno yalitapakaa sakafuni hata watu wakateleza.

Kifaru akamkwida mchora ramani, akambana ukutani juu ya ramani yake.

"Lawama inatuangukia sisi. Mtaje aliyesema, tumshughulikie. Ukimtaja nakuachia."

"Simtaji."

Ngumi ya kwanza ikavunja pua. "Mtaje." Ya pili ikaingia mbavuni, na waliokuwa karibu wakasikia mfupa ukiitika. Damu ikatiririka juu ya nyasi za kuchorwa. Cheche akapenya katikati ya vita. Mchora ramani akainua jicho moja lililobaki wazi, kama mtu aliyeona msaada. Cheche akamzaba kofi.

"Uliniambia utabaki!"

Ngumi zote hazikumwangusha. Kofi lile lilimkalisha chini.

Hapo Mzee Patasi akaingia, amechelewa kwa sababu ya goti lake. Alipoona mambo yalivyo, akapanda juu ya meza kwa tabu na kupaza sauti moja tu.

"Ni mimi."

Viti vikabaki hewani.

"Mimi ndiye niliyesema uondolewe. Majuzi mtoto mmoja alichanwa paja akiserereka, akashonwa nyuzi nane, nami nikaingia chini ya mtelezo kutazama kilichomkata. Nje ni rangi, ndani ni unga. Chuma changu kimeoza." Akamgeukia binti yake. "Ningekwambia wewe, mwanangu, ungetia kiraka kwa mapenzi, na mapenzi hayashiki chuma kilichooza. Nikaona aibu. Nikamwapisha kijana wa watu."

Cheche aligeuka akampiga Kifaru kichwa cha uso, na Kifaru, mtu wa kubeba ng'ombe mzimamzima, akaenda chini kama gunia. Kisha akambeba mchora ramani mgongoni hadi hospitali.

Wodini Cheche aliutazama uso wa mchora ramani uliovimba kama andazi.

"Hata mimi hukuniambia," akasema.

"Ningemvunja baba yako ili nipone mimi. Ungenitazama kwa jicho gani?"

"Sasa wewe ndiye mwenye jicho moja."

Alijaribu kucheka, mbavu zikamkataza.

Mbavu zilipounga, mtaa mzima ulirudi uwanjani mchana kweupe, mwenye bandeji na bandeji yake, mwenye mkongojo na mkongojo wake. Cheche alikataa mtu mwingine aukate mtelezo. Akavaa miwani, akawasha grenda. Chuma kikapiga ukelele, cheche zikamrukia shingoni, hakuzipangusa. Alikata mguu mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne ulipokatika, mtelezo wote ukaanguka kwa mngurumo, na ndani yake ukamwagika unga mwekundu wa kutu, ndoo nzima. Mzee Patasi akavua kofia. Cheche alisimama akiutazama ule unga mpaka vumbi likatulia. Hakuna aliyemsogelea, isipokuwa mchora ramani, aliyekuja akichechemea na kusimama kando yake.

"Nilikupiga kofi mbele ya watu hawa," Cheche akasema, bila kuvua miwani. "Nataka unioe mbele ya hawa hawa."

"Na nikiomba siku mbili za kufikiri?"

Mzee Patasi akakohoa.

"Kubali, mwanangu," akasema. "Grenda bado inazunguka."