Boneti Iliyokutwa na Joto

Jumapili, tarehe 15 Februari 2004, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mwili ulikutwa uani kwa Bwana Charanjit, mtaa wa Digbeth, Birmingham. Ulikuwa bado na joto.

Aliyeugundua alikuwa Roselyne, muuguzi mwenye miaka kumi na tisa kazini, ambaye kiganja chake hakijawahi kudanganywa na homa ya mtu. Alivua glovu, akaweka mkono juu ya boneti, akahesabu moyoni hadi kumi. Magari mengine kumi na moja yalikuwa yamevaa jalidi, barafu nyembamba ya usiku, nyeupe kama mabibi harusi. Hili moja, la kijivu, la dizeli, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne na umri wa miaka tisa, lilikuwa likichuruzika maji.

"Nani amewasha gari hili?" aliuliza.

Wanaume watatu walitazama viatu vyao.

Asicheke mtu. Ijumaa saa kumi jioni Roselyne alikuwa amepiga simu hapo uani na kutoa amri moja tu: gari lisiwashwe mpaka afike yeye. Hekima hiyo aliipata wodini, kwa mgonjwa wa kitanda namba sita, mzee wa Kiingereza aliyeendesha malori miaka arobaini. Dizeli iliyochoka, alisema mzee, huficha ugonjwa wake kwenye joto. Isikilize ikiwa baridi, ndipo itakapokohoa. Sasa mtu alikuwa amempa mgonjwa dawa kabla daktari hajafika, na hilo, popote duniani, ni kosa.

Tena halikuwa kosa dogo. Mbele ya nyumba yao ya kupanga, kule Selly Oak, ilikaa karavani, nyumba ndogo ya magurudumu ambayo Fanuel, mumewe Roselyne, aliinunua kwa muumini mmoja wa kanisani bila kuwa na kitu cha kuivutia. Iliziba dirisha la sebule tangu Septemba. Mwenye nyumba alikuwa ameandika barua: iondoke kabla ya Jumamosi. Bila gari, karavani ingeuzwa, na Agosti Roselyne angerudi kwenye makambi ya kanisa kulala hemani, chini, kama mwaka jana, mvua ilipoingia na mgongo ukamuuma hadi Krismasi. Akinunua gari bovu, zamu zote za ziada za mwaka mzima zingepaa na moshi katikati ya barabara kuu, karavani ikiwa nyuma kama shahidi.

Mengine alikuwa ameshayapima. Gari lilikuwa zito kuliko karavani kwa kilo mia nane, na ndivyo inavyotakiwa, maana mkia usimtikise mbwa. Ndoano ya kuvutia ilikuwa imara. Magurudumu manne yanayovuta yangetosha kwa matope ya uwanja wa makambi, yale yaliyomeza gari la mchungaji. Kilichobaki ni kuusikiliza moyo.

Alilizunguka gari akichechemea. Alfajiri hiyo, alipokuwa akitoa takataka mikono yote miwili ikiwa imejaa, mlango wa jikoni kwake, ambao kwa kawaida una adabu, ulikuwa umembamiza kisigino. Alipofika nyuma alisimama. Ua ulikuwa na mteremko, na nyuma ya gurudumu la kulia palikuwa na nusu tofali, limeshindiliwa vizuri. Upande mmoja lilikuwa na rangi ya kijani. Roselyne alilitazama kwa muda mrefu kuliko tofali lolote linavyostahili.

"Nitawaona mmoja mmoja," alisema. "Ofisini."

Wa kwanza alikuwa mwenye ua, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe, kikombe cha chai mkononi.

"Dada, mimi nimezaliwa Kisumu," alisema Charanjit. "Nimeuza magari hapa miaka thelathini. Nikitaka kukudanganya nitakudanganya kwa akili. Siwezi kupasha gari moja moto na kuacha mengine kumi na moja yana jalidi."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa moja na nusu kamili."

"Funguo za gari?"

"Mbili. Moja mfukoni mwangu. Ya pili hutundikwa hapo ukutani. Fundi wangu Valère hufungua lango saa kumi na mbili na nusu."

"Ukiegesha kwenye mteremko, huwa unaweka jiwe nyuma ya gurudumu?"

Charanjit alicheka hadi chai ikamwagika. "Kisumu niliweka. Hapa breki ya mkono inashika. Na jiwe nitalitoa wapi, dada? Nchi hii hata mawe wameyafagia."

Valère, mtu wa Bukavu, aliingia akipangusa mikono iliyokuwa safi.

"Mama Roselyne, miye minasema ukweli. Mukono yangu haikugusa ile motokari."

"Gari likiuzwa, tajiri wako hukupa chochote?"

"Ananipatiaka kidogo. Lakini hapana kwa kupasha moto kwa wizi!"

"Uliwasha?"

"Sikuwasha. *Jamais*."

"Umemwona aliyewasha?"

Valère aliinua macho kwenye dari na kukuta hapo kitu cha kuvutia sana. "Mama, uliuliza kama miye niliwasha. Nilijibu. Ile swali ingine ni ya mutu mwingine."

Wa tatu alikuwa Fanuel mwenyewe, mkoba wa kazini begani. Alikuwa akifanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, dakika kumi kwa miguu kutoka pale.

"Mama Kwamboka, hata mimi unanihoji?"

"Hata wewe, Baba Kwamboka. Ulitoka kazini saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Nami nimekukuta langoni saa moja na dakika thelathini na tano. Hapo katikati ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea. Naomba." Alikohoa. "Natembea nikiomba."

"Uliombea nini?"

"Gari."

Saa mbili na robo aliwakusanya wote nyuma ya gurudumu la kulia, akanyoosha kidole kama mwalimu wa zamu.

"Aliyeweka tofali hili," alisema, "amejifunza udereva mahali ambapo breki ya mkono ni pambo. Birmingham nzima watu wa namna hiyo ni wachache, na watatu wako mbele yangu."

Watatu hao wakaanza kutazamana kwa mashaka.

"Lakini Bwana Charanjit amesema neno la maana: hapa hakuna mawe. Kwa hiyo aliyelitumia alikuja nalo. Alijua mapema kwamba ua una mteremko na umefagiwa. Aliwasha gari, akaliacha liungurume, akaweka tofali lisije likateremka. Mwenye ua akatokea saa moja na nusu. Mhalifu akazima, akakimbia, akasahau tofali."

"Inaweza kuwa yeyote," alisema Fanuel kwa sauti nyembamba.

"Inaweza. Ila leo mlango wa jikoni umenibamiza kisigino. Miaka mitatu mlango ule haujanigusa, kwa sababu huzuiwa na nusu tofali. Kwamboka alilipaka rangi ya kijani akiwa darasa la pili, akaliita Kobe." Aligeuka. "Baba Kwamboka, fungua mkoba."

Mkoba ulifunguliwa. Mlikuwa na kikopo cha chakula, Biblia, na vumbi jekundu la tofali juu ya vyote viwili.

"*Voilà*," alisema Valère kwa faraja kubwa. "Sasa minaweza kusema. Aliniomba ufunguo saa moja kasoro robo, nikamupatia. Alisema atakaa tu ndani."

Fanuel hakukana. Alivua kofia.

"Alhamisi nilikuja peke yangu. Lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likawaka mara ya tatu. Nikajua ukilisikia utakataa. Karavani itauzwa. Na mimi mwaka jana, maji yalipoingia hemani, nilikuapia hutalala tena chini."

Charanjit ndiye aliyepasuka.

"Fanuel! Alhamisi nilikwambia! Plagi mbili za kupasha injini zimekufa, kazi ya nusu saa, nabadilisha bure. Ukasema nisiguse, mke wako atauliza nini kimetengenezwa!"

"Angeuliza," alisema Fanuel.

"Ningeuliza, ningejibiwa, yangekwisha." Roselyne aliinama, akaliokota tofali, akalipangusa kwa kanga ya shingoni. "Mimi ni muuguzi. Kila siku naletewa wanaokohoa. Umeona nimemkataa nani?"

Fanuel alirudisha kofia kichwani.

Walisubiri hadi saa saba mchana, boneti ikapoa, na Roselyne akasikia kwa masikio yake: kikohozi, moshi, kikohozi, moshi, uhai. Jumatatu Valère alibadilisha plagi. Jumanne saa moja asubuhi, jalidi ikiwa juu ya boneti bila doa, gari liliwaka kwa mzunguko wa kwanza, na Roselyne akatia sahihi. Jumatano karavani ilivutwa hadi kona ya ua wa Charanjit, kungoja Agosti.

Hukumu ilikuwa imeshatolewa, bila rufaa: usiku wa kwanza wa makambi mhalifu angelala hemani.

Agosti mvua ilinyesha usiku kucha kama iliyotumwa na mahakama. Roselyne alilala kwenye godoro, mgongo umenyooka, akisikiliza matone juu ya paa. Saa kumi na mbili asubuhi Fanuel alitoka hemani ameloa hadi soksi, akatazama karavani kama mtu anayetazama mbinguni kutoka upande usiofaa.

Mlango wa karavani ulikuwa wazi. Upepo uliusukuma nao haukufungika, kwa kuwa chini yake, limeshindiliwa vizuri, palikuwa na nusu tofali la kijani.

"Baba Kwamboka," sauti iliita kutoka ndani, "chai inapoa."