Samadi Kwenye Kitovu cha Jovina

Siku ile mjinga wa Temeke alikuwa Gozbert, na yeye mwenyewe hakatai.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Gozbert alikuwa karani wa bandarini, mtu wa kalamu sikioni na viatu vya kung'aa. Mkewe Auleria alikuwa amejifungua binti, Jovina, na kitovu cha mtoto kilikuwa hakijakauka. Asubuhi Gozbert alikwenda zizini kwa jirani yake Kondo, akarudi na samadi mbichi kwenye jani la mgomba. Mama yake alikuwa akiwatibu wanawe hivyo hivyo. Akakipaka kitovu, akaridhika kama fundi aliyemaliza ukuta.

Mara akaingia Benedicta, mkunga wa kliniki, kumjulia hali mzazi. Akashtuka.

"Nani kampaka mtoto uchafu huu?"

"Mie," Gozbert akajibu kwa majivuno.

"Auleria! Maji yaliyochemka na sabuni, upesi!"

Gozbert akacheka. "Bibi Benedicta, ng'ombe wa Kondo wanalalia samadi kila siku. Hivyo vijidudu vyenu mbona haviwaui?"

Benedicta alijibu huku akiosha. "Tumboni mwa ng'ombe kijidudu kinakaa kama mpangaji mpole. Ng'ombe anakula, nacho kinakula, hawagombani. Kitie kwenye kidonda kibichi sasa! Kinajificha ndani kusikofika hewa, kinatoa sumu. Ndiyo pepopunda hiyo, Baba Jovina. Taya zinakaza, mtoto hanyonyi, mwili unapinda."

"Kijidudu kile kile?"

"Kile kile. Ubaya wake unategemea umekipeleka wapi, na kwa nani."

Kicheko kikamkauka Gozbert. Wakamkimbiza mtoto hospitali, akachomwa sindano ya kuzuia sumu ile. Kisha ikabaki kungoja. Kila Auleria alipotoa ziwa, Gozbert aliukodolea macho mdomo wa mwanawe. Mtoto akisita, baba anatoka jasho. Akinyonya, baba anapumua.

Siku zikapita. Jovina akanyonya mpaka mama yake akalalamika. Kitovu kiliachwa kikavu na safi, bila kupakwa kitu, kikadondoka chenyewe.

Hofu ilipokwisha, ubishi ukarudi.

"Lakini mie nilipakwa samadi," Gozbert alisema, akijipiga kifua. "Na huyu hapa, dume zima!"

Auleria hakuinua hata uso kwenye beseni la nepi.

"Na wale wadogo zako wawili mliowazika wachanga," akamwuliza, "walipakwa nini?"