Mapazia ya Mchana

Kila asubuhi, akishamaliza kunyoa ndevu, mzee Harm Wolthuis alifungua mapazia ya sebuleni na kukaa kwenye kiti chake cha dirishani. Ng'ambo ya barabara, bibi Geertje Tammes alikuwa keshakaa kwenye chake. Harm alimpungia mkono. Geertje alimwinulia kikombe cha kahawa. Hapo ndipo siku ilipoanza mtaani kwao Winschoten, mji ulio karibu na mpaka wa Ujerumani.

Wote wawili walifiwa na wenzao zamani, na wote walikuwa na miaka themanini na ushei. Kila Jumatano jioni walicheza karata. Geertje alikuwa mwizi wa karata asiye na haya. Akishikwa, alisingizia macho.

"Ya kushindwa ndiyo hayaoni," Harm alimwambia. "Ya kushinda yanaona mpaka Ujerumani."

Julai ile jua lilikuja na likakataa kuondoka. Watu wa huko hulingoja jua mwaka mzima kama mgeni wa heshima. Likija, hawalifungii mlango. Harm alifungua kila dirisha, na upepo ulioingia ulikuwa kama wa tanuri la mikate. Usiku aliyafunga yote, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba upepo wa usiku huingia shingoni na kuua. Fulana yake ya sufu hakuivua. Mapazia je? Hayo hakuyagusa. Mtaani kwao mapazia hufungwa mchana kwa jambo moja tu: ndani mna maiti.

Jumatano Geertje alipiga simu kusema hachezi, kichwa kinamzunguka. Harm alicheka, akamwambia aseme tu kwamba anaogopa kipigo. Geertje hakujibu utani. Hilo halikuwa kawaida yake, ila Harm hakulitilia maanani.

Kesho yake Harm alipunga mkono. Geertje alikuwa kitini, kichwa kimeegama upande mmoja. Hakuinua kikombe.

"Haya, nuna," Harm alisema peke yake, akageuza kiti.

Mchana kutwa watu walipita. Walimwona bibi Geertje dirishani kama siku zote, wakampungia, wakaenda zao wameridhika. Jua lilimpiga tangu asubuhi mpaka alasiri. Jioni mpwa wake alikuja na ufunguo. Baada ya muda kidogo Harm aliona mapazia ya ng'ambo yakisogea, yakakutana katikati. Hakuhitaji kuambiwa.

Asubuhi iliyofuata alikuja Froukje, muuguzi wa majumbani, kumvalisha soksi za kubana miguu. Alimkuta Harm kitini mwake, uso mwekundu, midomo imekauka. Alimuuliza amekunywa nini tangu jana. Kahawa, kikombe kimoja. Amekojoa lini? Harm alimwambia hayo si maswali ya kumuuliza mwanamume kabla ya chai.

"Mzee Harm, nijibu."

"Jana. Kidogo. Wala sina kiu."

Froukje alimletea maji, akasimama pale pale mpaka glasi ikaisha. Alimweleza kwamba uzeeni kiu husinzia. Mwili unakauka, nayo haina habari. Kwa hiyo anywe kidogo kidogo kutwa nzima, bila kuingoja kiu. Alimvua ile fulana ya sufu, akamvalisha shati jepesi la pamba. Akamfuta shingo na mikono kwa kitambaa chenye maji. Vidonge vya presha asiviache mwenyewe. Yeye atamuuliza daktari kama joto hili linataka vipunguzwe. Kisha akashika pazia.

"Liache hilo," Harm alisema. "Mimi sijafa."

"Bado. Nje kuna joto kuliko ndani. Mchana funga madirisha na mapazia, ubaridi ubaki. Usiku fungua, joto litoke."

"Na upepo wa shingoni?"

"Funga skafu."

Harm hakucheka. Alikuwa anatazama ng'ambo.

"Nilimpungia," alisema. "Hakujibu. Nikadhani amenuna."

Froukje aliliacha pazia, akakaa.

"Na mimi nilimwona," alisema. "Nilipita na baiskeli, nikapiga kengele. Nilikuwa na haraka."

"Ningefanya nini, binti?"

"Ungevuka barabara. Mtu akisema kichwa kinamzunguka siku za joto, nenda ukamwone. Ukimkuta anasinzia sana, anaropoka, au ngozi inawaka, piga simu ya dharura papo hapo. Wakiwa njiani, mtoe juani, mloweshe maji, mpepee. Akiwa hajitambui, usimnyweshe."

Harm alitikisa kichwa polepole. Hatua ishirini, labda. Kwa ajili ya karata alizipiga kila wiki.

"Nikifunga hayo mapazia," alisema, "watu watajuaje kama nipo?"

"Jana ya Geertje yalikuwa wazi, mzee wangu. Walijua nini?"

Harm alijikongoja mpaka kwenye msumari wa koti, akaleta kofia yake ya kijivu. Aliiweka dirishani, karibu na kioo, kisha akafunga mapazia nyuma yake kwa mikono yake mwenyewe. Chumba kikawa na giza kama siku aliyofiwa na mkewe.

"Maiti havai kofia," alisema.

Siku ya maziko Harm alikwenda, na chupa ya maji mfukoni. Baada ya kahawa na keki ya msibani alisimama, akawaambia majirani yale aliyoambiwa na Froukje. Alisema pia kuhusu kule kupunga mkono. Wengi waliinamisha vichwa, maana nao walipunga.

Agosti joto lilirudi, kali kuliko lile la kwanza. Safari hii mtaa mzima ulifunga mapazia mchana, na mgeni angedhani tauni imepita. Lakini kila dirisha la mzee lilikuwa na kitu chake: buli la chai, bata wa udongo, kiatu cha mbao, kofia ya kijivu. Na hakuna aliyeridhika na kofia. Asubuhi na jioni jirani aligonga mlango, akamtazama mtu usoni, akamsubiri amalize glasi. Harm mwenyewe alikuwa na nyumba mbili za kugonga, na alilalamika kwamba sasa hana nafasi hata ya kuzeeka.

Joto likaisha. Vitu vyote vilitoka madirishani kwa mikono ya wenyewe, na Harm akaivaa kofia yake.

Jioni ya mwisho ya Agosti Harm alifungua mapazia na madirisha, akafunga skafu, akakaa. Upepo mwororo uliingia. Nyumba ya Geertje ilikuwa tupu, kiti kilishachukuliwa. Harm aliinua glasi yake kuelekea kile kioo cha ng'ambo. Kisha akanywa maji yote, bila kiu.