Vidonge Kwenye Tumbo Tupu

Jirani zangu wa Niboye, sogeeni, hii inatuhusu sote. Ijumaa ile mtaa ulikuwa umetulia. Watu wametoka msikitini, pilau inanukia kila ua, na Mzee Sibomana, fundi cherehani aliyestaafu, amekaa mlangoni kwake akiitikia salamu. Tulizoea kusema mzee huyu amebarikiwa. Bintiye Yasmina anafanya kazi ofisini kule Kacyiru, na kila wiki alimletea mfuko wa dawa za kisukari.

Lakini mzee alikonda. Tangu afiwe na mkewe akabaki peke yake nyumbani, kanzu ilimning'inia kama imetundikwa msumarini. Akilalamika kizunguzungu, Yasmina humpeleka hospitali, wanarudi na kidonge kipya. Mikono ikaanza kutetemeka: kidonge kingine. Na sisi, mnatujua! Huyu akasema jini, yule uzee. Hodi hakupiga mtu.

Basi Ijumaa hiyo mzee akainuka, akayumba, akaanguka, jasho linamtiririka. Yasmina ndiyo kwanza anaingia.

"Baba! Baba, unanijua?"

Mzee akamwita kwa jina la marehemu mkewe.

Nahimana mwenye duka akaleta gari, mimi na Yasmina tukampakata mzee nyuma.

"Kaza mwendo, ananifia!"

"Iko nakaza, dada! Mbele foleni, niruke juu yao?"

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimchoma kidole, akashtuka. "Sukari imeshuka vibaya!" Dripu ikatundikwa. Tulisubiri, mimi nikihesabu matone.

Macho ya mzee yalipotulia, daktari akamuuliza, "Leo umemeza dawa ya kisukari?"

"Nimemeza."

"Na chakula?"

Mzee akageuzia uso ukutani.

"Nampikia!" Yasmina akadakia. "Friji naiacha imejaa. Baba, si huniambia unakula?"

"Tangu utoto nimekula sinia moja na watu," mzee akasema. "Leo nijifungie nitafune peke yangu, kama mwizi? Chakula nawapa paka. Nilikudanganya, mwanangu."

Daktari akashusha pumzi. "Dawa inashusha sukari, na tumboni hamna kitu. Kizunguzungu chote kimetoka hapo. Vidonge ninavyo, mzee. Mtu wa kula nawe sina."

Akampunguzia dawa. Annah, mshauri wa afya wa mtaa wetu, akapita nyumba kwa nyumba: nani atamkaribisha mzee mezani? Sasa mchana anakula kwangu, jioni kwa Nahimana, na mwili umeanza kurudi. Ila Yasmina, simu ikilia ofisini, mpaka leo moyo unamruka.

FUNZO

Ugonjwa mwingi huanzia nyumbani muda mrefu kabla ya kufika kwa daktari. Kabla hujamuuliza mzazi wako amemeza nini, muulize amekula na nani. Nasi tunaojua habari za kila nyumba, tujue pia kubisha mlango wake. Ilibaki kidogo Mzee Sibomana afe njaa, katikati ya mtaa unaonukia pilau.