Sahihi ya Anyesi

Kila siku kengele ya saa sita ikilia, Anyesi alitoka shuleni mbio, akachukua bakuli la makande nyumbani na kumpelekea baba yake kiwandani, kwenye mashamba ya miwa kusini mwa Moshi. Siku moja mwaka 1973 alikuta wafanyakazi wote wameketi chini mbele ya lango. Walikuwa wamegoma kwa sababu meneja aliwatukana. Baba yake, Urbanus, alikuwa katikati yao, akiandika madai yao kwenye daftari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka chakula hapo, urudi shule sasa hivi!"

Wapi! Anyesi alisimama kutazama. Mara polisi wakafika, mabomu ya machozi yakarushwa, na hewa ikawasha kama pilipili.

"Usifikiche macho!" baba alipiga kelele. Anyesi akafikicha kwa mikono miwili, na maumivu yakazidi. Alimsikia baba yake akikamatwa, lakini hakumwona.

Jirani yao, Mama Elinipendo, alimshika mkono mpaka zahanati. Nesi Bernadetha alimwosha macho kwa maji safi, kisha akaandika kwenye kadi: saa saba mchana, macho yamevimba, haoni, arudi kesho. Jirani akaenda kumwita mama yake. Anyesi akabaki barazani peke yake.

"Pole, mwanangu," sauti ya mwanamume ilisema kwa upole. "Mimi ni askari. Weka sahihi hapa, baba yako arudi nyumbani."

"Sioni, afande."

"Nitakushika mkono."

Mtu mzima amesema, mtoto atabisha vipi? Anyesi akaandika jina lake.

Kesho yake macho yalifunguka, na heri yasingefunguka! Mama alirudi kutoka kituo cha polisi akilia. Karatasi ile aliyoitia sahihi ilisema kwamba Anyesi alimwona baba yake akirusha jiwe. Jiwe gani, jamani, na mikononi alikuwa na daftari na kalamu? Anyesi alilia mpaka sauti ikakauka. Angeifuta vipi sahihi yake mwenyewe? Siku saba baba alikaa mahabusu, na bakuli la makande lilikaa kabatini.

Nesi Bernadetha ndiye aliyeikumbuka kadi. Siku ya nane aliipeleka mahakamani. Hakimu akaisoma, kisha akatazama saa iliyoandikwa kwenye karatasi ya polisi: saa saba na robo.

"Mtoto huyu alisoma kwa macho ya nani?" akauliza.

Urbanus akaachiwa, amekonda. Daftari la madai halikurudishwa, na meneja alibaki palepale.

"Baba, nisamehe," Anyesi alisema. "Mimi ndiye niliyekufunga."

"Si wewe, mwanangu. Walikutumia wakati huoni. Hewa ile ikikupata tena, usifikiche. Kimbilia penye upepo, uoshe macho kwa maji mengi. Na usichoweza kusoma, usikitie sahihi, hata akuambie nani. Mwambie amsubiri mama yako. Hiyo ni haki yako, hata ukiwa mtoto."

Jumatatu mwalimu aligawa fomu darasani. "Wekeni sahihi, haraka!"

Wenzake wote waliinamia kalamu. Macho ya Anyesi yalikuwa bado yakitoa machozi.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Mimi bado nasoma."