Sweta Kwenye Kiti cha Maktaba

Haya yalimkuta rafiki yangu niliyesoma naye chuo, mtu asiyejua kutunga uongo. Tasnifu yake ilikuwa imerudishwa mara tatu, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuiwasilisha. Maktaba ilikuwa imejaa pomoni, basi akateremka hadi vyumba vya kusomea vya chini ya ardhi, ambako taa hujizima zenyewe usipojitikisa.

Hakukuwa na mtu, ila kila kiti kilikuwa kimewekewa kitu cha kushikia nafasi, kama wanafunzi wanavyofanya: hapa kofia, pale koti. Akasogeza sweta moja, akakaa. Lilikuwa na joto, kana kwamba mwenyewe amelivua sasa hivi.

Aliandika hadi saa kumi alasiri na hakuna aliyerudi. Akaligusa tena lile sweta. Joto lilikuwa lilelile. Akaganda pale alipo, taa zikazimika, na gizani akasikia viti vikivutwa taratibu, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaokaa.

Alitoka mbio, mtandio na daftari akaviacha.

Ijumaa ikapita. Tangu siku ile akawa anatetemeka kwa baridi hata juani, na dada yake akachoka kumfunika mablanketi.

“Twende tukachukue vitu vyako, mdogo wangu, yaishe.”

Mtunza maktaba akawafungulia. “Huku hajaingia mtu wiki nzima,” alisema.

Mtandio ulikuwa palepale kitini. Dada aliuokota, kisha akageuka kumtazama mdogo wake aliyekuwa akitetemeka mlangoni. Ulikuwa na joto la shingo ya mtu.