Chungu Kimelala

Sogeeni, watoto. Sogeeni motoni. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize.

Haya. Midomo tuifunge. Masikio tuyafungue.

Palikuwa na mtoto, jina lake Tupoki. Alikaa na bibi yake, Bibi Luti, huku huku milimani Makete, kwenye baridi na ukungu.

Bibi Luti alikuwa na chungu kikubwa. Kikubwa hivi! Tupoki akichuchumaa ndani, anaenea.

Chungu hicho kilipikiwa Krismasi tu. Wana wa Bibi walikuja kutoka mijini, na watoto wao. Nyumba ilijaa, watu wakakanyagana miguu.

Lakini mwaka huo Babu, mumewe Bibi Luti, hakuwepo. Alikufa Krismasi iliyopita ilipokwisha tu. Kigoda chake kilikuwa pale pale. Hakuna aliyekikalia.

Krismasi ilipokaribia, simu ikalia. Kriii! Kriii! Alikuwa Obeti, baba yake Tupoki.

"Shikamoo, mama. Mwaka huu hatuji. Barabara ni tope tupu."

"Na ndugu zako?"

"Nao hawaji. Mwakani, mama."

Bibi akaiweka simu chini. "Tope," akasema. "Sisi tunaishi kwenye tope."

Akakishika chungu kikubwa. Akakifudikiza pembeni. "Lala," akakiambia.

Ukungu, fuuu.
Manyunyu, nyu, nyu, nyu.
Na chungu kimelala.

Krismasi ikafika. Tupoki akaamka mapema.

"Bibi, leo tunakula nini?"

"Viazi."

"Viazi na nini?"

"Viazi na chumvi."

"Na kesho?"

"Chumvi na viazi."

"Bibi, na Krismasi je?"

"Krismasi ni ya wenye watu."

"Kwani mimi si mtu?"

Bibi alichochea moto ambao haukutaka kuchochewa.

Ukungu, fuuu.
Manyunyu, nyu, nyu, nyu.
Na chungu kimelala.

Sasa sikilizeni. Ukutani palikuwa na sahani ya bati, yenye ua jekundu. Ilikuwa ya Babu Yairo, mzee jirani. Krismasi iliyopita aliileta na nyama.

Na desturi yetu mnaijua. Sahani ya sikukuu ikija na chakula, hairudi tupu. Unaiosha, unatia chako, unafunika kitambaa, unarudisha.

Lakini Babu wa nyumbani alikufa, na Bibi hakuwa na moyo wa sahani. Ikakaa ukutani mwaka mzima.

Tupoki akaitazama. "Hii ndiyo iliyoleta Krismasi," akawaza. "Nikiipeleka, itarudi nayo."

Akaishusha polepole. Akaifunika kitambaa cheupe, vizuri kabisa. Akatoka.

Pata, pata, pata, kwenye tope.

"Hodi, Babu! Shikamoo!"

"Marahaba, Tupoki! Umeniletea sikukuu?"

Macho ya Babu Yairo yaling'aa. Akafunua kitambaa.

Hamna kitu. Ua jekundu tu.

"Tupu!" akafoka. "Mwaka mzima nangoja sahani, inarudi tupu! Tena na kitambaa juu! Irudishe! Kamwambie bibi yako, amemcheka mzee mwenzake!"

Pata, pata, pata! Tupoki alirudi mbio, analia.

"Tupu?" Bibi akashika kichwa. "Umempelekea tupu? Siku ya Krismasi? Aibu gani hii!"

Akasimama. Akajifunga khanga kiunoni.

"Lete kuni! Chuma njegere! Na yule jogoo mkorofi, leo amekwisha!"

"Unampenda Babu Yairo, Bibi?"

"Nimpende wapi! Ana mdomo kama kisu. Nataka kuuziba tu."

Bibi akachukua sufuria ndogo. Jogoo hakuenea. Miguu ikachungulia nje.

Bibi akakitazama chungu kikubwa. Akakitazama sana.

"Haya na wewe," akasema. "Amka."

Ukungu, fuuu.
Manyunyu, nyu, nyu, nyu.
Na chungu kimeamka!
Toko, toko, toko.

Chakula kikaiva. Bibi akajaza sahani yenye ua. Akafunika. Akaibeba mwenyewe, Tupoki nyuma yake.

Babu Yairo alikuwa amekaa peke yake. Moto wake ulikuwa umezimika. Amevaa koti la sikukuu. Amevaa kofia. Viatu vinang'aa.

"Baba Enea," Bibi akamwita, "mbona umevaa hivyo?"

"Namngoja mwanangu Enea."

"Anakuja?"

"Haji. Amesema barabara ni tope."

"Sasa unangoja nini?"

Babu Yairo akaviangalia viatu vyake.

"Nilishavaa, Mama Obeti."

Bibi hakucheka. Alimwekea sahani magotini.

Mzee akaonja. "Chumvi imezidi."

"Mdomo wako ndio umezidi. Kula!"

Akala. Akala tena. Kisha akaacha kutafuna.

"Nyama yangu ya mwaka jana," akauliza, "marehemu aliionja?"

"Aliionja," Bibi akasema. "Hakula nyama nyingine tena. Alisema ni ngumu kama kiatu."

"Kiatu!"

"Kama kiatu. Halafu akaomba kipande kingine."

Bibi akaanza kulia. Hakuwa amelia tangu mazishi. Tupoki akaishika khanga yake, akaishika kwa nguvu.

Na Babu Yairo? Mabega yakatikisika. "Kiatu!" akasema. "Mzee yule! Kiatu!" Hi, hi, hi! Naye Bibi, machozi yakiwa bado shavuni, hi, hi, hi!

"Moto wako umekufa," Bibi akasema, akijipangusa. "Chungu changu kimejaa. Inuka twende."

Wakaenda. Pata, pata, pata, watu watatu kwenye tope.

Nyumbani Babu Yairo akasimama mlangoni. Pa kukaa palibaki mahali pamoja tu. Kigoda cha marehemu.

Tupoki akamtazama Bibi.

"Kaa," Bibi akasema. "Kigoda nacho kinapata baridi."

Wakala. Wana hawakuja. Nafasi zao zilikuwa wazi, na ziliuma. Tusidanganyane, watoto, ziliuma. Lakini moto ulikuwa mkubwa, na wazee wawili walikuwa wanabishana juu ya chumvi.

Tupoki akalaza kichwa mapajani mwa Bibi.

"Bibi, sasa mimi ni mtu?"

"Wewe ni mtu, mjukuu wangu. Ulikuwa mtu tangu asubuhi. Ni mimi sikuwa naona."

"Na Krismasi je?"

"Ipo. Imeshiba. Inasinzia."

Ukungu, fuuu.
Manyunyu, nyu, nyu, nyu.
Chungu kiko macho.
Na Tupoki amelala.

Miaka ikapita, na wazee wakaondoka. Babu Yairo alitangulia. Koti lake alilichukua Enea, nalo likambana mabegani.

Bibi Luti akafuata. Siku hiyo wanawe walikuja wote. Barabara ilikuwa tope tupu, na walikuja. Obeti akachukua shamba. Ndugu zake wakachukua mbuzi na mianzi.

Kigoda na chungu wakamwachia Tupoki, kwa kuwa ni vikuukuu. Chungu ndicho hicho hapo motoni. Kisikieni. Toko, toko, toko.

Na sahani yenye ua jekundu? Hiyo haikurithiwa na mtu. Imekwenda kwa jirani tangu asubuhi.

Ngojeni tu. Hairudi tupu.